Kuchora Mistari Minene katika Michoro ya Kompyuta ya Vipimo Vitatu

Mwanafunzi wa jometri hufundishwa mapema kwamba mstari una urefu lakini hauna upana. Mstari unaochorwa ubaoni ni alama tu ya mstari wenyewe. Chaki ina upana, na kalamu ya risasi nayo ina upana, lakini katika hoja za jometri upana huo hauhesabiwi. Jambo hili halileti taabu yoyote darasani. Taabu huanza pale mstari unapokabidhiwa kompyuta, kwa maana kompyuta haina chaki. Hapana budi iambiwe kila kitu: mstari una unene gani, unaishia vipi kwenye ncha zake, na unapinda vipi penye kona. Ikikosa kuambiwa, itachora kitu ambacho hakuna aliyekikusudia.

Wala suala hili si la urembo peke yake. Katika mchoro wa jengo, mabomba ya maji yaweza kuonyeshwa kwa mistari minene na nyaya za umeme kwa mistari myembamba. Mstari uliopasuka penye kona humfanya fundi adhani kuwa bomba limekatika mahali hapo. Mstari unaonenepa ukisimama wima na kukonda ukilala mshazari humfanya adhani kuwa kuna mabomba ya aina mbili. Katika ramani ya mlima inayogeuzwegeuzwa kwenye skrini, njia inayotoweka upande mmoja wa bonde humdanganya msafiri kuwa hakuna njia. Unene wa mstari ni habari, na habari ikichorwa vibaya husomwa vibaya.

Makala haya yanaeleza jinsi mistari minene inavyochorwa ikawa safi katika picha za vipimo vitatu, yaani picha za vitu vyenye urefu, upana na kina. Hesabu zinazohitajika ni zile za shule ya sekondari: kanuni ya Pythagoras, uwiano wa pembetatu zinazofanana, na trigonometria kidogo.

Skrini na nukta zake

Skrini ya kompyuta imejengwa kwa nukta ndogondogo zilizopangwa safu kwa safu, ambazo huitwa pikseli. Skrini yenye nukta 1920 kwa mlalo na 1080 kwa wima ina jumla ya nukta 2,073,600. Kila nukta hupewa rangi moja tu kwa wakati mmoja. Haiwezekani kupaka nusu ya nukta. Kwa hiyo kuchora mstari kwenye skrini ni kazi ya kuchagua: nukta zipi zipakwe rangi, na zipi ziachwe.

Mwaka 1962 Jack Bresenham, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alibuni njia ya kufanya uchaguzi huo kwa kujumlisha na kutoa namba kamili tu, pasipo desimali wala kugawanya. Njia hiyo ilikusudiwa kwa mashine iliyochora kwa kalamu juu ya karatasi, na ilichapishwa mwaka 1965. Kwa kompyuta za wakati ule, ambazo kugawanya kuliziwia vigumu, ilikuwa faida kubwa. Na baadaye njia hiyo hiyo ilihamishiwa kwenye skrini. Kama mstari umeelekea zaidi kwenye mlalo kuliko wima, huchaguliwa nukta moja katika kila safu ya wima. Kama umeelekea zaidi wima, huchaguliwa nukta moja katika kila safu ya mlalo.

Njia hiyo inafaa sana kwa mstari mwembamba. Watu walipotaka mistari minene, wengi walifuata njia iliyo rahisi kuliko zote: badala ya kupaka nukta moja katika kila safu, walipaka nukta 10 zilizorundikana wima. Mstari wa mlalo ukichorwa hivyo hutoka vizuri, una unene wa nukta 10. Lakini mstari uliolala kwa nyuzi 45 hautoki hivyo. Nukta 10 zimepimwa kwa wima, ilhali unene wa kweli wa mstari hupimwa kwa kuukata mstari huo kwa pembe mraba. Umbali huo ni 10 ikizidishwa kwa kosini ya nyuzi 45, yaani nukta 7 na kidogo. Mstari umepoteza karibu theluthi moja ya unene wake kwa sababu tu ya kuinama. Zaidi ya hayo, ncha zake zimekatwa wima badala ya kukatwa kwa kufuata mwelekeo wa mstari, na pale mstari ulioelekea mlalo unapokutana na mwingine ulioelekea wima, hubaki pengo katika kona, mithili ya jino lililong'oka.

OpenGL, mfumo wa kanuni za kuchorea picha uliotolewa na kampuni ya Silicon Graphics mwaka 1992, uliikubali njia hiyo ya kurundika nukta. Uliwaruhusu watunga programu kutaja unene wanaoutaka, lakini uliwahakikishia unene wa nukta 1 peke yake. Zaidi ya hapo kila mtengenezaji wa mashine aliachiwa hiari yake. Toleo la mwaka 2008 liliitangaza mistari minene kuwa miongoni mwa mambo ya kuachwa. WebGL, mfumo wa kuchorea picha ndani ya kurasa za intaneti uliotolewa mwaka 2011, nao hauahidi zaidi ya nukta 1. Na katika Vulkan, mfumo uliotolewa mwaka 2016, mistari minene ni hiari ya mtengenezaji. Uamuzi huo una mantiki yake. Kitu ambacho kila mashine hukichora kwa namna yake ni afadhali kisiwepo kuliko kuwepo na kutoaminika. Hata hivyo mzigo wote umemwangukia mtunga programu, naye hana budi kuubeba kwa jometri.

Utepe badala ya mstari

Jibu la tatizo hili ni kuacha kabisa kumwona mstari mnene kama mstari. Mstari mnene ni umbo: ni utepe wenye urefu na upana, na utepe ulionyooka ni mstatili. Mstatili hugawanyika katika pembetatu mbili kwa kuchora ulalo wake, na pembetatu ndilo umbo ambalo kadi ya michoro ya kompyuta imejengwa ilichore kwa haraka na kwa usahihi kuliko maumbo yote. Kazi iliyobaki ni kutafuta vipeo vinne vya mstatili huo.

Ili kuvipata, yafaa kwanza ieleweke jinsi nukta ya angani inavyofikishwa kwenye skrini. Chukulia kuwa jicho la mtazamaji liko kwenye asili ya jira, nalo linatazama mbele. Kila nukta ina jira tatu: x, umbali wa kwenda kulia, y, umbali wa kwenda juu, na z, umbali wa kwenda mbele ya jicho. Kwa uwiano wa pembetatu zinazofanana, nukta hiyo huonekana kwenye skrini mahali ambapo jira ya mlalo ni x ikigawanywa kwa z, na jira ya wima ni y ikigawanywa kwa z, kisha zote mbili huzidishwa kwa namba isiyobadilika inayotokana na ukubwa wa skrini na upana wa mtazamo. Hapa namba hiyo itachukuliwa kuwa 400, na jira za skrini zitahesabiwa kutoka katikati yake. Huko kugawanya kwa z ndiko kunakovifanya vitu vya mbali vionekane vidogo.

Sasa chukulia nukta A yenye jira (1, 1, 4) na nukta B yenye jira (5, 6, 8), kwa vipimo vya mita. Kwenye skrini, A huangukia (100, 100), na B huangukia (250, 300). Tofauti kati yao ni 150 kwa mlalo na 200 kwa wima. Kwa kanuni ya Pythagoras urefu wa AB kwenye skrini ni 250. Tukio la kugawanya 150 na 200 kwa 250 huleta vekta ya mwelekeo, (0.6, 0.8), ambayo urefu wake ni 1.

Vekta inayoikata hiyo kwa pembe mraba hupatikana kwa kubadilishana namba zake mbili na kugeuza alama ya moja: (−0.8, 0.6). Ikiwa mstari unatakiwa uwe na unene wa nukta 10, basi kila ukingo wa utepe uko umbali wa nukta 5 kutoka katikati. Vekta hiyo ikizidishwa kwa 5 huwa (−4, 3). Ikijumlishwa na kutolewa kwenye A hutoa vipeo (96, 103) na (104, 97). Ikijumlishwa na kutolewa kwenye B hutoa (246, 303) na (254, 297). Vipeo vinne vimepatikana. Utepe huu una unene wa nukta 10 kamili, nao utabaki na unene huo hata mstari ukigeuzwa upande wowote.

Mahali pa kupima unene

Katika mfano huu unene ulipimwa baada ya kugawanya kwa z, yaani kwenye skrini. Ingewezekana pia kuupima kabla, yaani angani, kwa mita. Watu wengi huzichanganya njia hizi mbili, na matokeo yao hayafanani hata kidogo.

Waya wenye unene wa sentimita 10, ukiwa mita 4 mbele ya jicho, huonekana na unene wa nukta 10, kwa kuwa 400 mara 0.1 gawanya kwa 4 ni 10. Ukiwa mita 8 huonekana na unene wa nukta 5. Ukiwa mita 400 huwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya nukta, na kwa kweli hutoweka. Hivyo ndivyo macho ya binadamu yaonavyo, na kwa picha inayokusudiwa kufanana na dunia hiyo ndiyo njia inayostahili. Lakini mstari wa mpaka katika ramani, mstari wa vipimo katika mchoro wa mhandisi, au mshale unaoonyesha mwelekeo wa nguvu katika somo la fizikia si vitu vya dunia. Hakuna mpaka wenye upana wa mita kadhaa uliolazwa ardhini. Mistari ya namna hiyo ni maandishi juu ya picha, na maandishi yapaswa kusomeka yakiwa karibu au mbali. Hiyo hupimwa kwenye skrini.

Katika kupima kwenye skrini kuna mtego mmoja. Kadi za michoro kwa kawaida hazitumii jira za nukta, bali hutumia jira ambazo upande wa kushoto wa skrini ni −1 na wa kulia ni 1, na vivyo hivyo chini na juu. Skrini yenye nukta 1920 kwa 1080 si mraba, lakini katika jira hizo huonekana kana kwamba ni mraba. Anayetafuta pembe mraba katika jira hizo hupata pembe iliyopotoka. Akiongeza kiasi kile kile kwa mlalo na kwa wima, mstari uliosimama wima utakuwa mnene kuliko uliolala kwa mara 1.78, ambao ndio uwiano wa 16 kwa 9. Tiba yake ni kuzidisha kwanza jira za mlalo kwa 960 na za wima kwa 540, kufanya jometri yote katika nukta halisi, kisha kuzirudisha jira za vipeo katika mfumo wa kadi.

Nukta zilizo nyuma ya jicho

Mistari iliyochorwa vizuri katika majaribio ya kwanza huharibika ghafla mtazamaji anapoingia ndani ya picha, kwa mfano anapopita kati ya nguzo za jengo. Mstari uliokuwa mahali pake huruka na kuikata skrini nzima. Asili ya kosa hili yaweza kuonekana kwa mfano mdogo.

Nukta A iko pale pale, (1, 1, 4). Nukta D iko (1, 1, −2), yaani mita mbili nyuma ya jicho. Kanuni ya kugawanya haijui mbele wala nyuma. Huipeleka D kwenye (−200, −200). Kwa hiyo mstari utachorwa kutoka (100, 100) kushuka kushoto hadi (−200, −200). Lakini fuata mstari wenyewe kutoka A ukielekea jicho. Z ikiwa 2, nukta huonekana kwenye (200, 200). Z ikiwa 1, huonekana kwenye (400, 400). Z ikiwa 0.5, huonekana kwenye (800, 800). Mstari wa kweli unapanda kulia na kutoka nje ya skrini. Ule uliochorwa unakwenda upande wa pili kabisa. Alama ya kutoa katika kigawanyo imeipindua nukta.

Kadi ya michoro hulijua jambo hili na huzikata pembetatu zote mbele ya jicho kabla ya kugawanya. Tatizo ni kwamba anayejenga utepe amegawanya mapema, kwa mkono wake mwenyewe, ili apate mwelekeo wa mstari kwenye skrini. Ukataji wa kadi humkuta amekwisha kukosea. Hapana budi akate mwenyewe kwanza. Huchaguliwa umbali mdogo mbele ya jicho, tuseme 0.5, na ncha yoyote iliyo nyuma ya hapo husogezwa kwa kufuata mstari wake mpaka z iwe 0.5. Kwa AD, safari kutoka z ya 4 hadi −2 ni vizio 6, na hadi 0.5 ni vizio 3.5, kwa hiyo ncha mpya iko kwenye sehemu 3.5 za 6 za njia. Baada ya hapo ndipo kugawanya kunaporuhusiwa. Kosa la kusahau hatua hii ni la kawaida sana, na ni gumu kulitambua, kwa kuwa halionekani maadamu vitu vyote viko mbele.

Kona

Mstari mmoja ulionyooka ni kazi nyepesi. Mistari mingi iliyounganishwa, kama njia ya mlimani au ukingo wa ziwa, huleta kona, na kona ndiko ubora wa kazi hupimwa. Mistatili miwili ikiwekwa tu ncha kwa ncha, upande wa ndani wa kona hupandana na upande wa nje huacha pengo la pembetatu.

Seremala anayetengeneza fremu ya picha huijua tiba. Hukata ncha za mbao zote mbili mshazari, kila moja kwa nusu ya pembe ya kona, kisha huziunganisha. Kwa fremu ya mraba hukata kwa nyuzi 45. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Rudi kwenye mfano, na uongeze nukta C yenye jira (4, 1, 4), ambayo kwenye skrini huangukia (400, 100). Mwelekeo wa BC ni (0.6, −0.8), na vekta yake ya pembe mraba ni (0.8, 0.6). Ile ya AB ilikuwa (−0.8, 0.6). Zikijumlishwa, jumla ni (0, 1.2), ambayo ikipunguzwa iwe na urefu wa 1 huwa (0, 1). Hiyo ndiyo mwelekeo wa mkato: juu moja kwa moja.

Kiasi cha kusogea, hata hivyo, si 5 tena. Mkato wa mshazari ni mrefu kuliko mkato wa pembe mraba. Urefu sahihi hupatikana kwa kugawanya 5 kwa sini ya nusu ya pembe ya kona. Pembe ABC ni nyuzi 73.7, nusu yake ni nyuzi 36.9, na sini yake ni 0.6. Kwa hiyo ncha ya nje iko nukta 8.33 juu ya B, kwenye (250, 308.33), na ncha ya ndani iko kwenye (250, 291.67). Mwanafunzi aweza kuhakikisha: kutoka kipeo (96, 103) hadi (250, 308.33) ni 154 kwa mlalo na 205.33 kwa wima, na uwiano wao ni 3 kwa 4, sawasawa na mwelekeo wa AB. Ukingo umenyooka.

Kanuni hiyo ina hatari ndani yake. Kadiri kona inavyokuwa kali ndivyo sini inavyokaribia sifuri, na kugawanya kwa namba ndogo sana huleta namba kubwa sana. Kona ya nyuzi 60 hupeleka ncha mara 2 ya nusu ya unene. Kona ya nyuzi 20 huipeleka mara 5.8. Kona ya nyuzi 10 huipeleka mara 11.5, katika mstari wa nukta 10, ncha itachomoza nukta 57 kutoka kwenye kona, kama mwiba. Kona ambayo mstari unajirudia juu ya njia yake haina jibu kabisa. Kwa sababu hii huwekwa kikomo. PostScript, lugha ya kuchapishia iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1984, huweka kikomo cha 10 kama hakutajwa kingine. Kona iliyo chini ya takriban nyuzi 11.5 hukatwa ncha yake ikawa butu. Michoro ya SVG, inayotumika katika kurasa za intaneti na iliyokubaliwa rasmi mwaka 2001, huweka kikomo cha 4, ambacho ni sawa na takriban nyuzi 29. Kikomo kidogo kinafaa zaidi katika vipimo vitatu. Katika mchoro wa karatasi kona hubaki na pembe yake. Katika picha inayogeuzwa, kona pana yaweza kuonekana kali sana ikitazamwa kutoka pembeni, na miiba ingechomoza na kurudi huku mtazamaji akiizungusha picha.

Wako wanaoziepuka kona za mshazari kabisa, wakaweka duara dogo penye kila kiungo, lenye kipenyo sawa na unene wa mstari. Duara huziba pengo la pembe yoyote, wala halina mwiba. Kwa mistari iliyojaa mapindo mafupi, kama vile mistari ya mwinuko katika ramani, njia hii ndiyo salama zaidi, kwa kuwa katika mapindo mafupi kuliko unene wa mstari ile ncha ya ndani ya mshazari huvuka mwisho wa kipande chake na kuupindua utepe. Duara lina kasoro moja tu. Mstari ukipakwa rangi inayopenyeza mwanga kwa nusu, sehemu iliyopakwa mara mbili huzuia robo tatu ya mwanga badala ya nusu, na kila kiungo huonekana kama doa jeusi, mithili ya shanga katika uzi. Tiba yake ni kuchora mstari mzima pembeni kwa rangi kamili, kisha kuupenyeza mwanga mara moja tu unapowekwa juu ya picha.

Kingo na kina

Utepe umepata umbo lake, lakini kingo zake bado zina ngazi, kwa kuwa kila nukta ama imepakwa ama haikupakwa. Kingo hulainishwa kwa kupaka rangi hafifu nukta zilizo mpakani. Utepe hupanuliwa kidogo kila upande, na kila nukta hupimwa umbali wake kutoka katikati ya mstari. Katika mstari wa nukta 10, nukta iliyo umbali wa 4.5 au chini yake hupata rangi kamili. Iliyo umbali wa 5 hupata nusu. Na iliyo umbali wa 5.5 haipati kitu. Jicho husoma hali hiyo kama ukingo ulionyooka. Mstari mwembamba kuliko nukta moja haufai kukondeshwa zaidi, la sivyo utakatikakatika. Huachwa na unene wa nukta 1 na kupunguzwa rangi. Mstari wa unene wa 0.3 hupakwa asilimia 30 ya rangi yake.

Jambo la mwisho ni kina. Mstari uliolazwa juu ya uso wa kitu, kama njia juu ya mlima, una kina kile kile cha uso huo, na kompyuta haiwezi kuamua ni kipi kiko mbele. Makosa madogo ya desimali huamua badala yake, na mstari humetameta vipandevipande. Kwa kawaida mstari husogezwa kidogo kuelekea jicho. Kwa mstari mwembamba hiyo yatosha. Kwa utepe mnene haitoshi, kwa sababu kingo zake zote mbili zimechukua kina cha katikati yake, ilhali mteremko umepanda upande mmoja na kushuka upande mwingine. Ukingo wa upande unaopanda huzama ardhini. Kadiri utepe ulivyo mnene na mteremko ulivyo mkali, ndivyo kiasi cha kuusogeza kinavyopaswa kuongezwa. Kikiongezwa kupita kiasi, njia iliyo nyuma ya mlima huanza kuonekana mbele yake. Hakuna namba moja inayofaa kwa picha zote, na watunga programu wengi huitafuta kwa kujaribu.

Kazi ya darasani

Kazi hii haihitaji kompyuta. Kila mwanafunzi awe na karatasi ya grafu, rula na kalamu ya risasi, na atumie kipimo cha sentimita 1 kwa nukta 20.

Weka alama A kwenye (100, 100), B kwenye (250, 300) na C kwenye (400, 100). Chora utepe wa ABC wenye unene wa nukta 50. Vipeo vya A vitakuwa (80, 115) na (120, 85), na vya C vitakuwa (420, 115) na (380, 85). Tafuta ncha mbili za kona ya B kwa hesabu, kisha uunganishe vipeo vyote na kupima unene wa kila mkono kwa rula. Mikono yote miwili yapaswa kuwa na sentimita 2.5.

Halafu hamisha A hadi (200, 100) na C hadi (300, 100), B ikibaki mahali pake. Tafuta sini ya nusu ya pembe mpya kwa kanuni ya Pythagoras, pasipo kutumia majedwali. Ncha ya nje itaruka takriban nukta 103 juu ya B. Gawanya umbali huo kwa nusu ya unene, uamue kama kikomo cha 4 kingeiruhusu ncha hiyo au kingeikata, kisha uchore kona kwa namna zote mbili, ya mwiba na ya butu, katika karatasi moja.

Wanafunzi wa vidato vya juu waongeze nukta E yenye jira za angani (−3, 2, −4), na watafute mahali ambapo mstari kutoka A ya mwanzo, (1, 1, 4), kwenda E unapaswa kukatwa ikiwa umbali wa kukatia ni 0.5. Mwalimu awaache baadhi yao wachore mstari huo bila kuukata, ili karatasi hizo mbili ziwekwe sambamba ubaoni.